Siri na Urafiki wa Utotoni katika Hadithi ya Louise Fitzhugh

Umri ulio baina ya utoto na ujana ni umri wa siri. Mtoto mdogo hana siri, kwa kuwa alionalo hulisema papo hapo, mbele ya mgeni na mbele ya mwenyeji. Mtu mzima anazo nyingi, lakini amekwisha zizoea, naye hutembea nazo kama atembeavyo na kivuli chake. Aliye katikati, mwenye miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, ndiye aliyegundua juzi tu kwamba moyo wake una mlango, na kwamba ufunguo anao yeye. Kwa hiyo siri huwa ndiyo amana ya kwanza anayoweka kwa mwenziwe. Rafiki ni yule aliyeambiwa jambo ambalo wengine hawakuambiwa, na adui ni yule aliyelitoa nje. Watungaji wengi wamelitazama jambo hili juu juu wakaliona kuwa ni mchezo wa watoto. Louise Fitzhugh wa Marekani aliliona kuwa ni jambo zito la adili, akalitungia kitabu kiitwacho Harriet the Spy, yaani Harriet Mpelelezi, kilichotolewa New York mwaka 1964. Nia ya insha hii ni kukipima kitabu hicho, na hasa kulipima swali moja ambalo limewagawanya wasomaji wake kwa miaka mingi: mtu aonaye ukweli juu ya rafiki zake ana haki gani juu ya ukweli huo?

Yatosha kusema machache juu ya mtungaji. Alizaliwa Memphis, katika jimbo la Tennessee, mwaka 1928, akafa mwaka 1974, hajatimiza miaka hamsini. Alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mtungaji wa hadithi, na picha zilizomo katika kitabu hiki alizichora kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hili si dogo. Jicho la mchoraji limo katika kila ukurasa: watu wake huonekana kwanza kwa mavazi, kwa namna ya kukaa na kwa namna ya kula, ndipo baadaye maneno yao yasikike.

Harriet M. Welsch ni msichana wa miaka 11, mtoto wa pekee wa wazazi wenye mali, akaaye East 87th Street katika Manhattan na kusoma darasa la sita. Nyumbani mwao mna mpishi, na mna yaya aitwaye Ole Golly, mwanamke mkavu wa maneno aliyesoma vitabu vingi, naye ndiye aliyemlea hasa. Harriet ataka kuwa mtungaji. Ameamini kwamba mtungaji hana budi kuona kila kitu, basi hubeba daftari kila aendako, na baada ya shule hupita katika njia yake ya upelelezi. Hulichungulia duka la vyakula la jamaa ya Dei Santi. Humtazama Harrison Withers, mtengenezaji wa matundu ya ndege aishiye na paka 26. Huwatazama Bwana na Bibi Robinson, ambao furaha yao ni kuwaonyesha wageni vitu walivyonunua. Hujibana katika kisanduku cha kupandishia vyakula nyumbani kwa Bibi Plumber, tajiri aliyekata shauri kwamba siri ya maisha ni kutotoka kitandani. Yote ayaonayo huyaandika waziwazi, bila ya kuyatia sukari. Ana marafiki wawili wa kweli: mvulana Simon Rocque, ambaye wote humwita Sport, na msichana Janie Gibbs, mpenda sayansi ambaye ndoto yake ni kuuripua ulimwengu.

Misiba miwili yampata. Kwanza Ole Golly achumbiwa na Bwana Waldenstein, aiacha nyumba ile na kuhamia Montreal, kwa kuwa aona Harriet amekwisha kua na hahitaji yaya tena. Pili, siku moja watoto wakicheza kufukuzana bustanini, daftari latoweka; na linapoonekana, limo mikononi mwa Janie, naye awasomea wenzake. Humo mna habari za kila mmoja wao. Tangu saa ile Harriet hana rafiki. Chakula chake chaibwa, wino wamwagwa juu ya nguo yake, barua za kumtukana zapitishwa darasani, na wenzake waanzisha chama, hata wakakijengea kibanda, ambacho kazi yake ni kumwandama yeye.

Msomaji aharakishaye atasema kwamba kosa la Harriet ni kuandika maneno mabaya. Sivyo. Maneno mengi aliyoandika yalikuwa kweli, na hapo ndipo penye uzito wa hadithi. Lau angaliandika uwongo, jambo lingekuwa jepesi: angaliambiwa mwongo, akatubu, yakaisha. Lakini tulitazame neno moja tu, lile lililomwuma Sport. Harriet aliandika kwamba mvulana huyo kwa kuhangaika kwake kote amefanana na kibibi kizee. Sport ni mtoto wa mtungaji maskini asiyejua fedha inavyokuja wala inavyokwenda. Mama hayupo nyumbani. Mtoto ndiye apikaye, afagiaye na atunzaye hesabu, na asipoificha fedha ya matumizi, watalala na njaa. Ni kweli kwamba ahangaika kama mzee. Lakini ukweli huo umekatwa mzizi wake, na ukweli uliokatwa mzizi una sumu ambayo uwongo hauna, kwa kuwa mwenye kuumwa hawezi kuukana. Harriet, ambaye chakula chake huandaliwa na mpishi, aliiona aproni asiuone umaskini uliomvika Sport aproni hiyo.

Na aliionea wapi? Hapa yafaa tupambanue mambo mawili ambayo hadithi yenyewe imeyapanga kwa ustadi. Nyumba za wageni Harriet huziingia kwa dirisha, kwa paa, au kwa kisanduku cha vyakula. Akishikwa, kama alivyoshikwa nyumbani kwa Bibi Plumber, hufukuzwa, na hesabu yake na watu wale huishia hapo. Lakini nyumbani kwa Sport na kwa Janie aliingia kwa mlango. Alikaribishwa. Yale aliyoyaona jikoni kwa Sport na katika chumba cha majaribio cha Janie aliyaona kwa jicho la mgeni aliyeaminiwa, akayaandika kwa kalamu ile ile aliyowaandikia wapita njia. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na Sport angaliielewa maana yake siku ile bustanini. Kilichovunjwa na daftari si heshima ya watoto wale tu, bali ni ule mkataba usioandikwa ambao kwao mtoto humfungulia mwenziwe mlango wa nyumba yao pamoja na aibu zake zote.

Fitzhugh hamtetei Harriet, wala hamhukumu. Amfuata tu katika upweke wake, na kurasa hizi ndizo zilizo bora kuliko zote. Mtoto aliyepoteza rafiki hutafuta kwanza kisasi. Basi Harriet aandika orodha, na kwa kila mtu aweka pale panapomwuma zaidi: nywele za mmoja zikatwe, chura atiwe katika deski la mwingine, Rachel achomwe kwa habari ya baba yake aliyeiacha nyumba. Msomaji hushtuka kuona kwamba kipaji kile kile cha kuona sasa kimekuwa silaha. Wazazi wake waagiza anyang'anywe daftari, na hapo mtungaji ataja jambo ambalo kila mwandishi atalikiri: bila ya daftari fikira za Harriet zachechemea. Amezoea kujijua kwa kuandika. Kumnyang'anya daftari ni kumnyang'anya nafsi yake, na wakati huo huo daftari hilo ndilo lililomnyima rafiki. Basi afanyeje mtoto ambaye jambo lililo jema kuliko yote ndani yake ndilo lililo ovu kwa wenzake? Swali hilo ndilo kiini cha kitabu.

Jibu laja kwa barua. Wazazi wamempeleka kwa daktari wa maradhi ya akili, na baada ya shauri lake Ole Golly aandika kutoka mbali. Kwa ufupi, amwambia Harriet kwamba ikiwa daftari limesomwa, basi ana mambo mawili ya kufanya, na yote mawili hatayapenda: aombe radhi, na aseme uwongo. Akikataa, atampoteza rafiki. Uwongo mdogo unaomstarehesha mtu si dhambi, asema yaya. Lakini kwa nafsi yake mwenyewe lazima aseme kweli daima.

Barua hii iliwachukiza watu wengi. Katika mwaka 1965 jarida la Horn Book, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipima vitabu vya watoto katika Marekani, lilichapisha maneno makali juu ya kitabu hiki na juu ya watu wasiopendeza waliojaa ndani yake. Mwaka 1983, katika mji wa Xenia, jimbo la Ohio, kilipingwa kuwamo katika maktaba za shule kwa madai kwamba chawafundisha watoto kusema uwongo, kupeleleza, kujibizana na wakubwa na kutukana. Waliokitetea kwa upande wao walisifu ujasiri wake: ndicho kitabu, walisema, kilichowaambia watoto jambo ambalo watu wazima walijua na kulificha, kwamba dunia haiendeshwi kwa ukweli mtupu. Pande zote mbili zilishindana juu ya neno moja, uwongo, kana kwamba baina ya kusema kweli na kusema uwongo hapana njia ya tatu.

Hapa lugha yetu ina msaada wa kutoa. Kiswahili kina neno kusitiri. Mtu asitiriye hasemi uwongo wala hasemi yote, afunika. Asitiri uchi wa mwenziwe, asitiri umaskini wa jirani, asitiri kosa la ndugu lisienee mjini. Kusitiri si kutojua. Kinyume chake, hawezi kusitiri ila ajuaye. Mithali moja yalifafanua jambo hili kuliko maelezo marefu: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote. Hapana kovu, kilema wala alama ya maradhi ifichikayo machoni pake. Naye hutoka chumbani, akakaa na watu matangani, asiseme neno. Hakudanganya mtu, wala hakuitupa elimu yake. Ameichukua kama amana. Mpelelezi na mwosha wote wawili ni waonaji. Jicho lao ni moja, na linalowatenga ni lile watakalolifanya baada ya kuona.

Kwa kipimo hiki barua ya Ole Golly ni sahihi kwa nusu na ina upungufu kwa nusu. Ni sahihi pale isemapo kwamba si kila lililo kweli lapasa kutamkwa mbele ya kila mtu, na kwamba mapenzi yana haki juu ya ulimi. Ni sahihi zaidi pale iwekapo mpaka: ndani ya nafsi, kweli isipunguzwe hata chembe. Yaya huyu hamwambii mtoto aache kuona, na kwa hilo ni mwalimu bora kuliko wazazi wale waliodhani ugonjwa utapona kwa kuficha daftari. Upungufu wake ni kwamba amemfundisha la kusema baada ya siri kutoka, asimfundishe namna ya kuishika kabla haijatoka. Uwongo ni kiraka cha nguo iliyokwisha kuraruka. Sitara ndiyo nguo yenyewe. Harriet apiga chapa katika ukurasa wa darasa la sita katika gazeti la shule, ambao amepewa kuuhariri kwa nusu ya mwaka, kwamba yale yaliyokuwamo katika daftari hayakuwa ya haki, kwamba yalikuwa uwongo, na kwamba aomba radhi. Kila mtoto alijua kwamba mengi yalikuwa kweli. Hata hivyo wengi waliridhika, na kuridhika huko kwafundisha kwamba hawakuwa wakidai kukanusha, walidai kufunikwa.

Ili jambo hili liwe wazi zaidi, na tumtazame msichana mwingine mwenye daftari, ambaye si mtu wa hadithi. Anne Frank alipewa kitabu cha kumbukumbu katika siku ya kutimiza miaka 13, tarehe 12 Juni, 1942, majuma machache kabla ya kujificha pamoja na jamaa zake katika Amsterdam kwa kuwakimbia Manazi. Katika maficho hayo, walimokuwamo watu wanane, hakuwa na rafiki wa rika lake wa kumfungulia moyo kama alivyotaka, basi akakifanya kitabu kuwa rafiki, akakiandikia kwa jina la Kitty. Naye alikuwa mkali wa jicho kama Harriet, na hakumhurumia hata mama yake. Lakini mwaka 1944, aliposikia katika redio kwamba baada ya vita maandishi ya namna hiyo yatakusanywa, akaanza kuyaandika upya ili wengine wayasome, na katika kufanya hivyo aliwapangia majina mengine watu aliokuwa akiishi nao. Jamaa ya van Pels wakawa van Daan. Bwana Pfeffer akawa Dussel. Msichana wa miaka 14, akitazamia wasomaji, alitambua peke yake kwamba maandishi ya kujisomea na maandishi ya kusomewa na watu hayana sheria moja. Aliilinda kweli, akawasitiri wenyewe. Anne hakupata kuona kitabu chake kikitoka: alifia katika kambi ya Bergen-Belsen mapema katika mwaka 1945, na maandishi yake yalichapwa kwa Kiholanzi mwaka 1947. Tofauti baina yake na Harriet si ya kipaji. Harriet hakuwahi kudhani kwamba daftari lake lina msomaji, na asiyedhani kwamba ana msomaji hajifikirii kuwa na wajibu.

Turudi sasa katika jambo la mtoto kujikubali alivyo, ambalo wafafanuzi wa siku hizi hupenda kulitaja kana kwamba ni kujipenda tu. Katika kitabu hiki si hivyo. Kwanza Harriet hajijui. Ameandika habari za watu wote isipokuwa za msichana achunguliaye. Mithali ya nyani asiyeona lake, akaliona la mwenziwe, ingeweza kuandikwa juu ya jalada la daftari lake. Katika sura ya kwanza twamwona akimfundisha Sport mchezo wa mji: kwanza watunga jina la mji, kisha majina ya watu wake, kama 25 hivi, na kazi zao. Katika mji huo Harriet ndiye mungu, naye mwenyewe hakai ndani yake. Siku daftari liliposomwa, ndipo alipoingizwa mjini kwa nguvu: kwa mara ya kwanza alitazamwa, akaandikwa, akachekwa. Adhabu hiyo ilikuwa kali, lakini ilimpa kile alichokosa, nacho ni kujua uzito wa jicho la mtu mwingine juu ya ngozi.

Mtungaji alikwisha tutayarisha kwa jambo hili mapema, katika kisa cha kuchekesha. Darasa lao linafanya mchezo wa Krismasi juu ya chakula cha karamu, na Harriet apewa kuwa kitunguu. Aona ni upuuzi. Lakini nyumbani, chini ya macho ya baba yake, ajifunza kubiringika sakafuni na kuwaza kama kitunguu kiwazavyo. Wasomaji hucheka wakapita. Hawana budi kurudi wakifika mwisho, kwa maana katika ukurasa wa mwisho Harriet awaona Sport na Janie kwa mbali wakija kando ya mto, na kwa mara ya kwanza hawachunguzi kwa nje. Ajaribu kuwa wao: viatu vya mmoja vyahisije mguuni, mwingine asikiaje upepo. Alichokifanya kwa kitunguu akifanya kwa rafiki. Nao wafika, wasimama, wangoja. Hawasemi lolote. Yeye amaliza kuandika, afunga daftari, na wote watatu waondoka pamoja.

Twaona basi kwamba upatanisho wa kweli haukuletwa na kanusho lile la gazetini. Uliletwa na mambo mawili yaliyokwenda sambamba. Harriet hakuliacha daftari: hakukubali kuwa mtoto mwingine ili apendwe, na hiyo ndiyo maana ya kujikubali. Na daftari halikubaki kama lilivyokuwa, kwa kuwa jicho lililoliongoza limejifunza kuingia ndani ya mtu badala ya kumzunguka. Sport na Janie nao wamefanya jambo ambalo ni kubwa kuliko kusahau. Wamekwisha kujua kwamba rafiki yao ni mtu aonaye, na kwamba ataona tena. Wamerudi wakiwa wanajua. Urafiki wa watoto wadogo ni wa wale wasiojuana. Urafiki huu wa kando ya mto ni wa wale waliosomana wakavumiliana, na hapo ndipo utoto ulipoisha katika hadithi hii, bila ya mtu yeyote kutangaza.

Kitabu hiki kina kasoro, na haifai kuzifunika. Kasoro ya kwanza ni kwamba moyo wa Sport na wa Janie umefungwa kwetu tangu siku ya msiba hata karibu na siku ya kurudi. Twaona hasira yao na kuchoshwa kwao na chama kile cha wenye kiburi, lakini msamaha wenyewe hatuoni ukizaliwa. Kwa kuwa Sport ndiye aliyeumizwa zaidi, na ndiye mwenye adili kuliko wote katika kitabu, msomaji ana haki ya kuudai ukurasa huo. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Harriet alipopewa ukurasa wa gazeti, alianza kuwaandika watu wazima, wakiwamo wazazi wa wanafunzi wenzake, na kuwataja kwa majina pamoja na ulevi wao na upuuzi wao katika karamu. Wanafunzi waliyasoma kwa furaha. Je, mtungaji hakuona kwamba hilo ni kosa lile lile, sasa limepewa kibali cha shule na kupigwa chapa? Huenda aliona, akataka tucheke kwa uchungu. Lakini hakuna alama yoyote iliyowekwa ya kutuonyesha hivyo. Kwa kipimo cha sitara, Harriet wa gazetini hajajifunza bado alichojifunza Harriet wa kando ya mto, na sehemu hizi mbili za mwisho wa kitabu zinavutana.

Yako maelezo ya mvutano huo ambayo hayapasi kuachwa. Fitzhugh mwenyewe aliwapenda wanawake, jambo ambalo katika Marekani ya wakati ule lilimpasa mtu kulificha kwa wengi na kulifunua kwa wachache, nao waliosoma wasifu wake uliotungwa na Leslie Brody mwaka 2020 wameiona barua ya Ole Golly kwa mwanga mwingine. Kwa mtu wa namna hiyo, shauri la kuwaficha watu na kutojificha nafsi yako si hila ya kumfundisha mtoto udanganyifu. Ni masharti ya kuishi. Wala si haki kukifanya kitabu chote kuwa fumbo la maisha ya mtungaji wake, kwa sababu Harriet amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Lakini yatusaidia kufahamu kwa nini mpaka ule baina ya nje na ndani umechorwa kwa wino mzito hivyo, na kwa nini mtungaji aliwaogopa zaidi wale wanaosoma kwa sauti yaliyo ya mtu kuliko wale wayaandikao.

Kwa mwanafunzi wa fasihi kitabu hiki kina faida ya pekee, kwa kuwa mtungaji ndiye anayeshtakiwa ndani yake. Kila atungaye hutumia siri za watu: za jamaa, za majirani, za waliomkaribisha chai. Hapana hadithi iliyojengwa kwa mbao za mtungaji peke yake. Swali ambalo Fitzhugh alimwuliza msichana wa miaka 11 ndilo tunalopaswa kuulizwa sote tushikao kalamu, na jibu la kwamba nilichoandika ni kweli halitoshi, kwa maana Harriet naye alikuwa nalo.

Mfasiri atakayetaka kukileta kitabu hiki katika Kiswahili ataona kwamba sehemu kubwa yake si ngumu: daftari ni daftari, na bustani ya mjini yafahamika. Atakwama kwenye barua. Akiandika kwamba yaya alimwambia mtoto aseme uwongo, atakuwa mwaminifu kwa maneno ya asili, na ugomvi wa Marekani utahamia kwetu pamoja nayo. Akiandika kwamba alimwambia awasitiri wenzake, atakuwa ameyapa maneno hayo busara kuliko waliyokuwa nayo. Kwa maoni yangu lazima aandike uwongo, kwa kuwa ndilo lililosemwa, na kazi ya mfasiri si kumsahihisha mtungaji. Lakini msomaji wa Kiswahili atakapofika kwenye ukurasa wa mwisho, akawaona watoto watatu wakiondoka kimya kando ya mto, neno lile jingine litamjia mwenyewe.